Ujenzi umepita bila kosa, ila GPX haisomeki: kushughulika na maktaba za hiari

Kijana wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Tandahimba ameuzunguka mpaka wa shamba la mikorosho simu ikiwa mkononi, amehifadhi faili la GPX, yaani rekodi ya GPS, na kulituma Mtwara mjini. Kompyuta ya ofisini ina GDAL, programu ya kusoma na kubadili faili za ramani, iliyojengwa kutoka msimbo chanzo, kwa kuwa toleo lililomo kwenye hazina ya Ubuntu ni la zamani kuliko linalotakiwa. Ujenzi ulifika asilimia 100 bila kosa hata moja. Mtu anaandika `ogrinfo mpaka.gpx`, anajibiwa:

`OGR/GPX driver has not been built with read support. Expat library required`

Anajaribu `ogrinfo --formats | grep GPX`, na GPX inaonekana kwenye orodha. Ipo kweli. Dreva ya GPX, yaani sehemu ya GDAL inayoshughulika na muundo huo, huandika faili bila msaada wa maktaba nyingine. Kusoma ndiko kunakohitaji Expat, maktaba ya kuchambua XML. KML, muundo wa Google Earth, nayo ni hivyo hivyo. Dreva za majedwali ya XLSX na ODS zenyewe hazijengwi kabisa pasipo Expat. Kwa hiyo programu ileile, toleo lilelile, inaweza kuwa na uwezo tofauti kwenye kompyuta mbili zilizo meza moja, kutegemea kila moja ilikuwa na nini siku ya kujenga.

Nitatumia GDAL kama mfano mkuu kwa sababu kazi ya ramani za mashamba ni nyingi Mtwara na Lindi, na kwa sababu ni programu yenye vitegemezi vya hiari, yaani maktaba inazoweza kujengwa nazo au bila nazo, chungu nzima. Lakini Python, PostgreSQL ya hifadhidata, FFmpeg ya video na nyingine nyingi zina tabia hizo hizo.

Kwa nini hakuna aliyekuambia

Kabla kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haijaanza kazi kuna hatua ya kusanidi: `./configure`, `cmake` au `meson setup`, kutegemea zana ya mradi. Hapo kila maktaba hutafutwa. Faili lake la .h, linalotaja fanksheni zake, lipo? Kiprogramu cha mistari michache kinachoita fanksheni yake kinakubali kuunganishwa? Maktaba ya lazima ikikosekana, kazi inasimama papo hapo. Ya hiari ikikosekana, linaandikwa neno `no` kwenye mstari mmoja kati ya mamia, na safari inaendelea. Jina kama `HAVE_EXPAT` halifafanuliwi, na msimbo wote uliozungushiwa `#ifdef HAVE_EXPAT` unarukwa kana kwamba haukuandikwa. Kompaila haioni kosa kwa sababu kwake kosa halipo. Ni sawa na fundi aliyekosa mifereji ya bati, akaezeka nyumba Newala bila mifereji na kukukabidhi ufunguo: nyumba imekamilika, ila tangi la maji ya mvua halitajaa.

Waandishi wa GDAL wameiweka Expat kwenye hiari kwa sababu yupo mtu mahali fulani anayehitaji GeoTIFF, muundo wa picha za ramani, peke yake. Hawaijui kazi yako wala faili za Tandahimba. Anayejua kipi ni lazima ni wewe, na ujuzi huo unatakiwa uandikwe kwenye amri ya kusanidi, maktaba kwa maktaba: hii naitaka, ile siitaki. Ukikaa kimya, kompyuta itakuamulia kwa kuangalia kilichokuwemo ndani yake siku hiyo.

Soma majibu kabla ya kuanza kujenga

Hifadhi kila kinachosemwa wakati wa kusanidi, kisha kichuje:

`cmake -S . -B jenga 2>&1 | tee sanidi.log`
`grep -i "could not find" sanidi.log`

Mstari utakaokutana nao una sura hii:

`-- Could NOT find EXPAT (missing: EXPAT_LIBRARY EXPAT_INCLUDE_DIR)`

Yaliyomo kwenye mabano ndiyo habari yenyewe. Vikikosekana vyote viwili, kifurushi cha kujengea hakipo kabisa au kipo mahali CMake haikutazama. Ikikosekana `INCLUDE_DIR` peke yake, maktaba imeonekana ila faili la .h halikuonekana. Na kama badala yake umeandikiwa `Found unsuitable version`, maktaba unayo lakini ni ya zamani. Kusakinisha kifurushi kilekile upya hakutakusaidia kitu.

Miradi inayotumia moduli ya CMake iitwayo FeatureSummary, GDAL ikiwemo, huchapa pia muhtasari mwishoni: vitegemezi vya hiari vilivyopatikana, kisha visivyopatikana. Usiogope urefu wa orodha ya pili. Kwa GDAL itakuwa na majina mengi ambayo ofisi ya kawaida haitayagusa maishani: Oracle, MrSID, HDF4 na wenzake. Kazi ya kupima mashamba ina wanne wa kuwakazia macho. Expat ni kwa ajili ya GPX na KML. SQLite3 ni kwa ajili ya GeoPackage, muundo ambao programu ya ramani ya QGIS huupendekeza kila unapohifadhi. GEOS ni kwa ajili ya kukata, kuunganisha na kupanua maumbo: kupata eneo la shamba kunawezekana bila GEOS, ila kulikata shamba kwa mpaka wa kijiji kutakuletea `GEOS support not enabled.` Wa nne ni curl, maktaba ya kupakua kutoka mtandaoni, na hapa wengi wenye bando dogo hukosea kwa kuizima. Kupitia `/vsicurl/`, GDAL inaweza kusoma kipande tu cha picha kubwa ya setilaiti iliyo mtandaoni, mradi imepangwa kwa mtindo wa Cloud Optimized GeoTIFF, badala ya kuipakua nzima. Mwenye bando dogo ndiye anayeihitaji curl zaidi.

GeoTIFF yenyewe haikupi taabu, kwa kuwa GDAL hubeba nakala yake ya ndani ya libtiff, libgeotiff, zlib na nyingine chache, na huzitumia hizo pale za nje zisipopatikana. PROJ, maktaba ya kubadili mifumo ya kuratibu, ni ya lazima, na ni vizuri iwe hivyo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na bila PROJ huwezi kuzitoa EPSG:21037, namba ya mfumo huo kwa kanda ya 37 kusini, kuzipeleka EPSG:32737, ambayo ni WGS 84 ya UTM kanda ya 37 kusini, kanda yetu.

Python ina namna yake. Ukiijenga mwenyewe, mwishoni inakuandikia `The necessary bits to build these optional modules were not found` na chini yake majina: `_bz2`, `_lzma`, `_sqlite3`, `_tkinter`, `readline`. Watu huyapita majina hayo kwa sababu yanakuja baada ya kazi kuonekana imekwisha. Kukosa `_tkinter` kwenye seva si tatizo. Kukosa `_ssl` ni tatizo la mara moja: pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, itagoma kuingia kwenye anwani yoyote ya https. Kukosa `_ctypes` au `_lzma` ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kunajificha hadi wiki mtu atakapopakia maktaba kubwa inayozihitaji. Kwenye Ubuntu na Debian, vifurushi vinavyoziba mapengo hayo ni hivi:

`libssl-dev libffi-dev zlib1g-dev libbz2-dev liblzma-dev libsqlite3-dev libreadline-dev libncurses-dev tk-dev`

Logi iko wapi na inasomwaje

Muhtasari unakuambia kimekosekana. Logi, faili la kumbukumbu za kusanidi, inakuambia kwa nini. Kwenye miradi ya `./configure` ni `config.log`. FFmpeg huiweka `ffbuild/config.log`. Meson ina `meson-logs/meson-log.txt` ndani ya folda ya kujengea. CMake tangu 3.26 huandika `CMakeFiles/CMakeConfigureLog.yaml`, kabla ya hapo ilikuwa `CMakeError.log` na `CMakeOutput.log`.

`config.log` usiisome kuanzia mwisho. Mwisho wake ni orodha ndefu ya thamani zilizohifadhiwa, haina jibu. Tafuta jina la maktaba, simama penye `checking for`, kisha soma mistari inayofuata: amri iliyoitwa, kosa lililotokea, na kiprogramu cha majaribio kilichoshindwa. Makosa yanayojirudia ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

`fatal error: expat.h: No such file or directory` maana yake faili la .h halionekani. Hakuna kifurushi cha kujengea, au kipo nje ya njia za kawaida.

`cannot find -lexpat` maana yake .h imepatikana ila linka, programu inayounganisha maktaba, haioni `libexpat.so`. Mara nyingi mtu alinakili faili za .h kwa mkono, au maktaba iko `/opt` na hakuna aliyetaja njia yake.

`undefined reference to` ikifuatwa na jina la fanksheni maana yake maktaba imeonekana, ila fanksheni hiyo haimo. Ama toleo ni la zamani kuliko .h iliyotumika, ama unaunganisha maktaba tuli (inayomezwa ndani ya programu) inayohitaji nyingine nyuma yake ambayo haikutajwa. Hili la tatu ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu matokeo ya kusanidi yanasema tu `no`, nawe unabaki kusakinisha tena na tena kitu ambacho tayari unacho.

"Mbona maktaba ipo?"

Ukiita `dpkg -l | grep expat` utaona `libexpat1` imesakinishwa. Hicho ni kifurushi cha kuendeshea: kina `libexpat.so.1`, inayotosha kwa programu iliyokwisha kujengwa. Kujenga kunahitaji vitu viwili zaidi, `/usr/include/expat.h` na kiungo kiitwacho `libexpat.so` kisicho na namba mwishoni, na vyote viko kwenye `libexpat1-dev`. Mgawanyo huu ndio chanzo cha sehemu kubwa kabisa ya "maktaba inayokosekana" kwenye Debian na Ubuntu. Fedora huita kifurushi hicho `expat-devel`, Alpine huita `expat-dev`.

Kuhakiki kwa haraka:

`pkg-config --exists --print-errors expat && pkg-config --modversion expat`

Ikikupa namba ya toleo, faili la `.pc`, linaloeleza maktaba iliko, lipo na njia zake zinajulikana. Maktaba ikiwa `/opt/kitu`, ongoza kwa `PKG_CONFIG_PATH=/opt/kitu/lib/pkgconfig` kwa miradi ya Meson na `./configure`, au `-DCMAKE_PREFIX_PATH=/opt/kitu` kwa CMake.

Kama jina la kifurushi hulijui, anza na `apt-cache search expat | grep dev`, ambayo haitumii mtandao hata kidogo. Ikishindikana, `apt-file search expat.h` hukutajia kifurushi chenye faili hilo, ila `apt-file update` hupakua orodha za mafaili ya hazina nzima, kwa hiyo usiiendeshe kwa bando la siku. Njia ninayoipendelea ni kuuliza wenye hazina walitumia nini walipojenga programu ileile:

`apt-cache showsrc gdal | grep ^Build-Depends`

Inahitaji `deb-src`, hazina ya msimbo chanzo, iwe imewashwa. Kwenye Ubuntu 24.04 fungua `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources` na kuandika `Types: deb deb-src`, kisha `apt update`. Utapata orodha iliyokwisha kufanyiwa kazi na watu wanaoijua programu, nawe unachagua. `apt build-dep gdal` husakinisha orodha hiyo yote, na kwa GDAL ni mzigo mkubwa. Tanguliza `apt-get -s build-dep gdal` uone kitakachokuja kabla ya kukubali.

Andika uamuzi kwenye amri

Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila anayejenga programu aizoee. Kwa GDAL:

`cmake -S . -B jenga -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \`
`  -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=/opt/gdal \`
`  -DGDAL_USE_EXTERNAL_LIBS=OFF \`
`  -DGDAL_USE_EXPAT=ON -DGDAL_USE_SQLITE3=ON \`
`  -DGDAL_USE_GEOS=ON -DGDAL_USE_CURL=ON`

Mstari wa `EXTERNAL_LIBS=OFF` unazima kila maktaba ya nje isiyo ya lazima, kisha zile nne zinarudishwa kwa majina. Sasa Expat isipopatikana, kusanidi kunasimama na kosa, badala ya kukupa dreva nusu. Na maktaba iliyopo kwenye kompyuta kwa bahati, ambayo hukuitaka, haitaingia. Amri hii iandikwe kwenye skripti na kuhifadhiwa pamoja na mradi. Atakayejenga upya mwakani atapata kitu kilekile.

Kwa miradi mingine ya CMake isiyo na chaguo zake, `-DCMAKE_REQUIRE_FIND_PACKAGE_EXPAT=ON` hulazimisha, tangu CMake 3.22, na `-DCMAKE_DISABLE_FIND_PACKAGE_EXPAT=ON` huzima. Jina linaandikwa kama lilivyo ndani ya `find_package` ya mradi husika, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Meson ina hali tatu safi: `enabled`, `disabled`, `auto`. Ukitaka zote zilizo `auto` ziwe lazima, `-Dauto_features=enabled`. Kwa `./configure` kuna `--with-kitu` na `--without-kitu`, isome `./configure --help` kwa utulivu, maana kila mradi una majina yake.

Kuna mtego kwenye tahajia. Ukikosea jina la chaguo, `./configure` huandika tu `WARNING: unrecognized options` na kuendelea, CMake husema mwishoni `Manually-specified variables were not used by the project` na kuendelea. Ulidhani umelazimisha Expat, kumbe hukulazimisha chochote. Kwa `./configure` ongeza `--enable-option-checking=fatal`. Kwa CMake lisome onyo hilo kila mara. Meson haina shida hiyo, husimama na kukwambia chaguo halijulikani.

PostgreSQL inafaa kuigwa hapa. Ikikosa readline haipiti kimya: inasimama, inakuelekeza `config.log`, na inakutajia `--without-readline` kama kweli huihitaji. PROJ hali kadhalika: curl na libtiff vinatarajiwa viwepo, na usipovitaka unasema mwenyewe `-DENABLE_CURL=OFF` au `-DENABLE_TIFF=OFF`. FFmpeg imekwenda mbali zaidi, maktaba nyingi za nje haiziingizi mpaka uzitaje, na kwa libx264 lazima pia uandike `--enable-gpl`. Ndiyo maana `Unknown encoder 'libx264'` hutokea hata kwenye kompyuta yenye x264 kamili: haikutajwa.

Umesakinisha, bado inasema haipo

CMake huhifadhi majibu kwenye `CMakeCache.txt`. Kilichoandikwa `NOTFOUND` hutafutwa tena ukisanidi upya, lakini chaguo lililokwisha kuwekwa `OFF` kutokana na jibu la kwanza linabaki `OFF`. Tumia `cmake --fresh -B jenga`, inayopatikana tangu 3.24, au futa folda ya kujengea. Kwa GDAL, ukiamua kuweka `GDAL_USE_EXTERNAL_LIBS=OFF` baada ya kache kuwepo, rudia kwa kuongeza `"-UGDAL_USE_*"`, la sivyo zilizokwisha kugunduliwa zitabaki zimewashwa. Meson: `meson configure --clearcache` au `meson setup --wipe`. Miradi ya `./configure`: `make distclean`, kisha anza mwanzo. Kujenga upya nusu tu, huku baadhi ya faili za .o zikiwa zimetengenezwa kabla ya `HAVE_EXPAT` kufafanuliwa, huzaa makosa ya ajabu ambayo hakuna anayeweza kukusaidia kuyatafuta.

Chanzo kingine ni mazingira ya Conda, kisimamizi kingine cha vifurushi, yaliyowashwa. `find_package` huweza kufuata njia zilizo kwenye PATH, ikachukua maktaba za humo badala ya za mfumo. Zima Conda kwanza, kisha sanidi ukiwa na folda mpya.

Na kwa wanaotumia GDAL ndani ya Python: `No module named '_gdal_array'` maana yake viunganishi vya Python vilijengwa wakati numpy, maktaba ya hesabu, haipo. Kusakinisha numpy baadaye hakurekebishi, kwa sababu pip ina nakala iliyojengwa tayari kwenye kache yake. Sakinisha numpy kwanza, halafu:

`pip install --no-cache-dir --force-reinstall "gdal[numpy]==$(gdal-config --version).*"`

Kuleta vifurushi kwa flashi

Mashine ya kujengea ikiwa haina mtandao wa maana, iwe Liwale au Nanyumbu, orodha itengenezwe kwenye mashine hiyohiyo, kwa sababu ndiyo inayojua tayari ina nini:

`apt-get -qq --print-uris install libexpat1-dev libgeos-dev libsqlite3-dev libcurl4-openssl-dev > orodha.txt`

Beba `orodha.txt` mahali penye mtandao:

`grep -o "'[^']*'" orodha.txt | tr -d "'" | wget -i -`

Rudi na faili za .deb, ingia kwenye folda yake, `sudo apt install ./*.deb`. Yatakayokukwamisha ni mawili. Kwanza, anwani kujibu 404: orodha za apt kwenye mashine yako ni za zamani na toleo hilo limeshaondolewa kwenye hazina, hivyo lazima upate `apt update` walau mara moja kwa simu. Pili, kifurushi cha `-dev` hudai toleo lilelile hasa la kifurushi cha kuendeshea. Mashine ikiwa imepata marekebisho ya usalama na orodha yako haiyajui, apt itagoma ikisema `libexpat1-dev : Depends: libexpat1 (= ...)`. Usilazimishe kwa `dpkg --force`. Leta vyote viwili vya toleo moja.

Kwenye darasa au ofisi yenye kompyuta nyingi, weka `apt-cacher-ng` kwenye moja, halafu nyingine zote ziandikiwe kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Anwani badilisha iwe ya mashine yenu. Kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu.

Ukijenga hapa na kuendesha pale

Kosa lina upande wa pili. Mashine ya kujengea ilikuwa na maktaba fulani, ikaingia yenyewe bila kuombwa, kisha programu ikapelekwa kwenye seva isiyo nayo. Huko haiwaki kabisa: `error while loading shared libraries`, likifuatwa na jina la faili. Kabla ya kusafirisha, tazama:

`ldd /opt/gdal/lib/libgdal.so`

Kila jina lililomo ni deni la mashine inayopokea. Ukikuta jina usilolitarajia, dawa si kulisakinisha kule. Rudi kwenye amri ya kusanidi na ulizime. Upande huo wa mashine inayopokea, vifurushi vya kuendeshea vinatosha, `-dev` haihitajiki.

Kama programu ni yako

Toa chaguo lenye hali tatu, na chapa muhtasari. Kwa Meson ni mistari miwili:

`option('gpx', type: 'feature', value: 'auto')`
`expat = dependency('expat', required: get_option('gpx'))`

Kwenye C, kuwa mwangalifu na namna CMake inavyoandika `config.h`. `#cmakedefine HAVE_EXPAT` huliacha jina bila kufafanuliwa maktaba ikikosekana, kwa hiyo `#ifdef` inafaa. `#cmakedefine01 HAVE_EXPAT` hulifafanua kila mara, kwa 0 au 1. Hapo `#ifdef` itakuwa kweli daima, na unatakiwa kutumia `#if`. Ukizichanganya, utajenga sehemu isiyo na maktaba yake.

Kwenye Python, `try: import lzma` ikifuatwa na `except ImportError: lzma = None` ni sawa, mradi mtumiaji aambiwe mapema. Msimbo unaokubali faili mia tatu za wakulima kisha unaanguka kwenye ya mia mbili kwa `'NoneType' object has no attribute 'open'` haujamtendea haki. Kagua mwanzoni mwa kazi, na ujumbe utaje kifurushi cha kusakinisha. Tena kamata `ModuleNotFoundError` na uangalie `e.name`, kwa sababu `ImportError` tupu humeza pia maktaba iliyopo lakini imeharibika, na hapo utamwambia mtu asakinishe kitu alichonacho.

Jaribu kwa faili, usijaribu kwa orodha

Kama ilivyoonekana kwa GPX, jina kuwemo kwenye orodha ya miundo halithibitishi kusoma. Tengeneza `jaribio.gpx` lenye nukta moja ya Mtwara mjini:

`<?xml version="1.0"?>`
`<gpx version="1.1" creator="jaribio" xmlns="http://www.topografix.com/GPX/1/1">`
`<wpt lat="-10.27" lon="40.18"></wpt>`
`</gpx>`

Kisha mwishoni mwa skripti ya kujengea, ambayo juu kabisa ina `set -e`:

`rm -f jaribio.gpkg`
`/opt/gdal/bin/ogr2ogr -t_srs EPSG:32737 jaribio.gpkg jaribio.gpx waypoints`
`/opt/gdal/bin/ogrinfo -so jaribio.gpkg waypoints | grep -q "Feature Count: 1"`

Mistari hiyo inagusa Expat kwa kusoma, PROJ kwa kubadili kuratibu, na SQLite3 kwa kuandika GeoPackage. Kwa Python iliyojengwa upya, mstari mmoja unatosha: `python3 -c "import ssl, ctypes, sqlite3, lzma, bz2, zlib, readline"`. Kwa curl tazama mistari ya Protocols na Features kwenye `curl --version`, na kwa FFmpeg `ffmpeg -buildconf` inakurudishia chaguo zote zilizotumika kuijenga.